Pipa Lenye Namba Mbili

Asha, wewe na wenzako mliponiaga kwa keki na kile chungu cha maua, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla nyinyi hamjaja. Mlitaka niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa siku hizi huko nyumbani watu wanazungumzia kujenga vinu vya nyuklia na wachache wanawaeleza mambo haya kwa lugha wanayoielewa. Nimekubali. Nilivyopanda cheo sitaeleza, maana nilipanda kidogo na kwa kuchelewa. Nitaeleza hofu, ambayo niliipata mapema na kwa wingi.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesoma fizikia Nairobi, nikaja London kwa shahada ya pili, nikajibu tangazo la kampuni ya wahandisi washauri. Ofisi yenyewe mnaijua: ghorofa ya nne, hatua chache kutoka stesheni ya London Bridge. Nilitarajia angalau mlango wa chuma. Nilikuta meza kumi na mbili, mashine ya kuchapisha iliyokwama kila mara, na dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Kazi yetu ilikuwa kukokotoa: mzigo huu wa urani ukiwekwa hapa, na mtu akasimama pale, atapata mionzi kiasi gani, na tuweke chuma au zege unene gani kumkinga. Pale ofisini hapakuwa na kinu wala chembe ya urani. Hata hivyo, kanisani kwetu Thornton Heath mama mmoja aliposikia nafanya kazi ya nyuklia aliacha kunipa mkono kwa wiki mbili. Nilimweleza kwamba kitu cha hatari kuliko vyote ninachogusa kazini ni kahawa ya mashine. Hakucheka.

Faili la kwanza nililopewa sikulifungua hadi saa tano asubuhi. Niliogopa kwamba ndani yake kuna kitu ambacho kila mtu anakijua isipokuwa mimi. Kilikuwepo, na si kimoja.

Aliyenivusha alikuwa Mzee Jayanti. Wakati ule hakuwa mzee bado, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sweta ya kijivu aliyeketi meza ya pili kutoka yangu. Siku ya tatu alinisikia nikijisemea kwa Kiswahili juu ya jedwali lililonishinda. Akageuza kiti, akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikamwambia Voi. Yeye alizaliwa Kisumu, baba yake akiuza vitambaa, na alikuja Uingereza na wazazi wake akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, chepesi na cha haraka, kisichosubiri ngeli.

"Basi hapa tutasema Kiswahili," alisema, "ili hawa wasijue tukikosea."

Alinifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Zana zetu zilikuwa kompyuta moja tuliyoipokezana, kalkuleta, penseli na karatasi za miraba. Kila hesabu iliishia kwenye karatasi yenye nafasi mbili za sahihi: ya aliyepiga hesabu na ya aliyekagua. Wengi walikagua kwa kupitia mistari ya mwenzao wakiitikia kwa kichwa. Mzee Jayanti alifunika hesabu yangu kwa gazeti, akapiga yake kuanzia mwanzo kwa njia yake, kisha ndipo akafunua. Majibu yakitofautiana, tuligombana. Yakifanana, aliyashuku kwa muda, halafu tukanywa chai.

"Ukifuata nyayo za mwenzio," alikuwa akisema, "utatumbukia katika shimo lake."

Miaka ya mwanzo tulishughulikia makasha ya kusafirishia na kuta za maghala. Kisha ikaja kazi ya urani iliyorejeshwa, ambayo mimi na yeye tuliiita mtumba, na jina hilo lilinoga hata Waingereza wa pale ofisini wakalichukua.

Kwa watakaosoma bila kuwa wa fani, nieleze hivi alivyonieleza yeye. Nyumbani, ukimaliza kupika na makaa bado yana moyo, huyatupi. Unayazima, unayakausha, kesho unayarudisha jikoni. Vinu vingi duniani hutumia maji ya kawaida, na fueli yao ikichoka hutolewa ingali na urani inayofaa. Ukiisafisha kwa kemikali ukatenga uchafu, unabaki na urani ambayo kwa vinu hivyo ni dhaifu mno, mpaka irutubishwe upya. Lakini viko vinu vinavyotumia maji mazito. Maji hayo hayamezi nyutroni ovyo, kwa hiyo vinu hivyo huridhika hata na urani kama inavyotoka mgodini. Mtumba una nguvu zaidi kidogo kuliko hiyo ya mgodini. Unauchanganya na urani hafifu, unapata kitu kinachokaribiana na cha mgodini, na kinu kinakula bila kulalamika. Makaa ya mwenye jiko moja yanapikia jiko la jirani. Kwangu mimi ilikuwa kazi nzuri, nami nilijivunia kuifanya.

Ila mtumba una siri moja. Ndani yake mna kiasi kidogo mno cha aina ya urani isiyopatikana mgodini, yenye namba 232. Hiyo huzaa watoto, nao watoto huzaa, na mmoja wa vitukuu hutoa miale mikali ya gama inayopita kwenye glovu na meza kama haipo. Ukiuosha mtumba kwa kemikali, watoto wote wanaondoka, mzazi anabaki. Siku ileile anaanza kuzaa tena. Baada ya miezi sita familia bado ni ndogo. Baada ya miaka kumi nyumba imejaa. Kwa hiyo ukiulizwa pipa la mtumba lina hatari gani kwa anayelishika, swali la kwanza ni tarehe: mtumba huo ulioshwa lini?

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini, na Mzee Jayanti alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Kiwanda kimoja cha fueli, katika nchi ambayo sitaitaja, kilitaka kujaribu shehena ya mtumba kwa ajili ya vinu vyake vya maji mazito. Unga wa urani hiyo ungechanganywa ukiwa mkavu, bila kuoshwa upya, ushindiliwe kuwa vidonge vidogo kama ncha ya kidole, vidonge vichomwe kwa moto wa tanuri, kisha vipangwe ndani ya mirija. Kati ya tanuri na mirija kulikuwa na meza ya ukaguzi. Wanawake sita walikaa kwenye meza hiyo wakitazama vidonge trei kwa trei, wakitoa vyenye nyufa. Tuliulizwa swali moja: meza hii ibadilishwe, au ibaki kama ilivyo kwa urani ya kawaida?

Vyeti vya mapipa vilikuwa na mstari ulioandikwa tarehe ya kutayarishwa. Tarehe yenyewe ilikuwa ya miezi sita iliyopita. Niliingiza miezi sita katika hesabu, nikapata jibu dogo, nikaandika sentensi ambayo hadi leo naiona nikifumba macho: tofauti ni ndogo, hakuna haja ya kubadilisha mpangilio wa kazi. Nikatia sahihi. Mzee Jayanti akatia ya pili.

Wiki ya nne tangu kazi ianze kule, Jumatano, nilipigiwa simu na msimamizi wa meza ile. Aliitwa Marta. Nilikuwa nimeongea naye mara mbili tu, Kiingereza chake cha polepole kama changu. Alisema kipimo cha mionzi kilichokuwa ukutani kinasoma zaidi ya tulivyoandika. Hakulalamika, aliuliza tu. Nilimjibu kwamba vipimo vya ukutani huchanganya mambo, huenda kuna trei nyingi zimerundikwa karibu nacho, wazisogeze. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua. Akanishukuru.

Simu ile haikuniacha. Jioni kwenye treni nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu kutoka London Bridge hadi Thornton Heath, ukurasa uleule. Alhamisi nilipiga hesabu upya nikapata jibu lilelile, nikatulia kwa saa mbili hivi. Ijumaa alasiri nilitoa faili tena. Sikutazama hesabu, nilitazama orodha ya mapipa. Kila pipa lilikuwa na namba mbili, namba mpya na, katika safu nyembamba pembeni, namba ya zamani.

Nilibaki nikiitazama safu ile. Kama urani hii ilioshwa miezi sita iliyopita ikatiwa pipani, ingekuwa na namba moja. Pipa lenye namba mbili limewahi kuwa pipa jingine.

Nikapiga simu ghalani mapipa yalikotoka. Karani aliyepokea alikuwa karibu kutoka, lakini alikuwa mtu wa adabu, akaenda kufungua daftari la zamani. Nilimsikia akipindua kurasa. Akanisomea. Tarehe ya kutayarishwa ilikuwa siku waliyohamisha unga kutoka mapipa yaliyoanza kupata kutu kwenda mapipa mapya. Kuoshwa, ulikuwa umeoshwa miaka kumi na mmoja kabla.

Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikabadilisha ile tarehe kwenye kompyuta. Sehemu ile ya miale mikali ikapanda zaidi ya mara tano.

Meneja wetu, nimwite Colin, alikuwa ameshaondoka kwa wikendi na simu yake ilikuwa imezimwa. Mzee Jayanti hakuwepo, siku hizo Ijumaa alikuwa hafanyi kazi. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: jambo lolote zito linalomhusu mteja linapitia kwa meneja. Nikaondoka na faili ndani ya mkoba, jambo ambalo nalo lilikatazwa.

Nyumbani nilipika wali, nikausahau motoni. Binti yangu Wakesho alikuwa na miaka kumi na minne, umri wa kuelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza mara mbili kama kuna mtu amefariki. Asubuhi nikamweleza mume wangu, ambaye ni muuguzi. Nilimwambia nafikiri nisubiri Jumatatu nifuate utaratibu. Na huenda kiwanda hakifanyi kazi wikendi. Na huenda nimekosea sasa, si wakati ule. Alikuwa akifunga kamba za viatu aende zamu.

"Sisi wodini tukikosea dawa," alisema, "tunasema saa ileile. Mgonjwa hangoji Jumatatu."

Akaenda. Nikavaa koti, nikapanda treni hadi London Bridge, nikachukua ile ya chini kwa chini hadi Kilburn.

Njia nzima niliogopa mambo mawili, nami nitasema ukweli kuhusu mpangilio wake. La kwanza lilikuwa wale wanawake sita. La pili lilikuwa uso wa Mzee Jayanti, na kuna vituo kadhaa ambapo la pili lilikuwa la kwanza. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote bila doa, na mimi nilikuwa nampelekea doa mlangoni, miezi mitatu kabla ya kupumzika.

Walikaa yeye na mkewe, Bi Kusum, katika fleti juu ya duka la simu. Bi Kusum alinikaribisha kwa furaha, akaleta chai na bakuli la chevda, vile vitafunio vya Kihindi, akataka habari za Wakesho. Chai sikuigusa, mkoba nikaupakata. Mzee Jayanti aliona, akamwomba mkewe atupishe. Nikafungua faili juu ya meza ya kulia, nikamwonyesha safu ya namba za zamani, nikamweleza karani alivyosoma.

Alivua saa yake akaiweka mezani, kama alivyozoea akianza kukagua. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akafika kwenye karatasi ya sahihi mbili, akaitazama yake.

"Hesabu hii sikuifunika na gazeti," alisema.

Sikuelewa kwanza. Akasema kwamba mara ile hakupiga yake. Alifuata mistari yangu, mmoja baada ya mwingine, akaona kila mmoja uko sawa, akatia sahihi. Aliona ile tarehe na hakujiuliza ni tarehe ya nini.

"Ulikuwa umechoka, Mzee," nikamwambia.

"Sikuchoka. Nilikuamini. Hilo ndilo kosa langu, Rehema. La kwako ni dogo kuliko hilo."

Sikujua kama amenisifu au amenihukumu. Hadi leo sijui. Nilianza kusema tumtafute Colin, tumwachie ujumbe, tukubaliane maneno ya kutumia. Alikuwa ameshasimama, ameleta simu ya mezani akivuta waya wake sakafuni.

"Piga," alisema. "Wewe ndiye uliyeulizwa."

Marta alipokea kwenye mlio wa tatu. Walikuwa kazini. Nyuma yake nilisikia mashine. Nilimwambia polepole, bila kupamba: kipimo chako cha ukutani ni sahihi, ripoti yangu si sahihi, tafadhali waondoe watu mezani sasa hivi na mfunike trei. Nilimsikia akitoa amri kwa lugha yake, nikasikia viti vikiburuzwa. Mashine ikazimwa. Ndipo akarudi kwenye simu.

Alisema kuna jambo ninapaswa kulijua. Mmoja wa wale sita, Lidia, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwa kawaida wangemhamisha. Walimwacha kwa sababu ripoti ilisema hakuna haja ya kubadilisha mpangilio wa kazi.

Nilirudia maneno hayo kwa Kiswahili ili Mzee Jayanti ayasikie. Aliketi. Bi Kusum alikuja mlangoni, akatuangalia, akarudi jikoni.

Ya Jumatatu nitayafupisha. Colin alikasirika kwanza kwa ile simu, halafu kwa ile hesabu, na kufikia mchana alikuwa ameacha kukasirika na kuanza kuogopa, ikawa rahisi zaidi kufanya naye kazi. Mzee Jayanti aliingia ofisini kwake akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ameandika barua kwamba ukaguzi ulikuwa jukumu lake na kwamba simu ilipigwa kutoka nyumbani kwake kwa agizo lake. Hilo la agizo lilikuwa kweli, ila alilisema kwa namna ambayo jina langu lilikuja mwisho. Nilimfuata kwenye ngazi nikamwambia sikumwomba anifunike. Akanijibu kwamba yeye amebakiza miezi mitatu na mimi nimebakiza miaka, na kwamba hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Nilizuiwa kutia sahihi kwa nusu mwaka. Nilistahili, na kwa kweli nilishukuru.

Kilichoniua ni kusubiri. Kila mwanamke pale mezani alivaa beji ya kupimia mionzi kifuani na pete ya namna hiyo kidoleni. Zilipelekwa maabara kusomwa, na maabara haina haraka na moyo wa mtu. Zilipita karibu wiki tatu. Nilipiga hesabu ya Lidia kila siku kwa njia tofauti: alikaa upande gani, trei zilipangwa urefu gani, alipumzika mara ngapi. Siku moja nilipata jibu la kuridhisha, siku ya pili la kutisha, na tofauti yake ilikuwa nusu mita ya kiti chake. Usiku nililala, niwe mkweli. Ni asubuhi nilizoziogopa, ile dakika ya kwanza kabla sijakumbuka, kisha nakumbuka.

Matokeo yalipofika niliomba niyapeleke mwenyewe. Colin hakuona sababu. Mzee Jayanti alimwambia sababu ipo.

Kiwanda kilikuwa kisafi na chenye mwanga mwingi. Marta alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinipeleka kwanza kwenye meza, iliyokuwa tupu, akaniketisha katika kiti kimojawapo, nikaona nilichokuwa nimekiita kituo namba nne kwenye mchoro wangu. Kilikuwa na mto mdogo wa kushonwa kwa mkono. Kwenye mchoro haukuwepo.

Wale sita walikusanyika chumba cha chakula. Nilisoma matokeo, Marta akitafsiri. Hakuna aliyevuka kiwango cha sheria. Lidia ndiye aliyepata zaidi, kwa kuwa alikaa karibu na rafu ya trei. Alikuwa chini ya kiwango cha mama mjamzito, lakini kwa nafasi finyu, na juu sana ya kile ambacho angepata kama ningeuliza swali moja. Hilo la mwisho halikuwa katika karatasi. Nililiongeza, na nikaona Marta akisita kidogo kabla ya kulitafsiri.

Lidia alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, ametulia, mikono juu ya tumbo. Alisema neno, Marta akanigeukia.

"Anauliza, ulipoandika kwamba hakuna tofauti, ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamwambia: London, ghorofa ya nne, karibu na dirisha.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Kisha akauliza la pili, nami nilijua litakuja. Aliuliza kama mtoto wake atakuwa mzima. Daktari wa kiwanda alikuwepo, akaanza kueleza vizuri. Lidia alimngoja amalize, akanitazama mimi.

Nilimwambia ninachokijua. Kwa kiasi kile, hatari iliyoongezeka ni ndogo sana, ndogo kuliko hatari nyingi ambazo mimba yoyote hupitia. Ningeweza kuishia hapo. Nikaongeza kwamba ndogo sana si sawa na hakuna, na kwamba mtu atakayemwambia hakuna atakuwa anabahatisha kama nilivyobahatisha mimi. Marta alitafsiri. Lidia alifikiri, akasema jambo fupi, akainuka akaenda. Nilimuuliza Marta amesema nini.

"Amesema afadhali."

Kazi ilirudi baada ya miezi kadhaa. Unga uliobaki ulirudishwa kuoshwa, meza ikajengewa kinga ya kioo kizito chenye madini ya risasi, vidonge vikapita nyuma yake kwenye mkanda. Shehena ile hatimaye iliingia kinuni, na kinu kikaila kama tulivyotarajia. Kwa upande wa fizikia ilikuwa kazi safi kabisa. Watu walipongezana. Katika cheti kipya cha mapipa, mstari wa tarehe ya kutayarishwa uliondolewa. Sasa ipo mistari miwili, ya kuoshwa na ya kufungashwa, mnaijaza kila wiki mkinung'unika kwamba fomu ni ndefu. Ni ndefu kwa sababu yangu.

Mzee Jayanti alistaafu kama ilivyopangwa. Alikataa sherehe. Nilikwenda Kilburn mara kwa mara, tukaongea siasa na magoti yake, na kuhusu lile jambo hatukuongea tena ila mara moja. Alikuwa amelazwa, miezi michache kabla hajafa. Aliniuliza kama bado naogopa ninapotia sahihi. Nikamwambia kila mara. Akasema alidhani ni yeye peke yake.

Mnajua sasa kwa nini nilikuwa nawachelewesha, kwa nini nilirudisha ripoti zenu zikiwa na maswali ya kijinga, kwa nini nilikataa kukaa karibu na dirisha. Mlidhani ni uzee. Mwenzenu mmoja, sitamtaja, aliwahi kuniuliza kama nikistaafu hofu itaisha. Nilimjibu kwamba nitamjulisha.

Marta naye alistaafu miaka michache iliyopita. Tumekuwa tukiandikiana salamu kila mwaka mpya, mistari mitatu minne, hali ya hewa na afya. Kila mwaka niliandika swali moja mwishoni mwa barua pepe yangu, na kila mwaka nilifuta kabla ya kutuma. Nilijua kwamba mtoto alizaliwa, maana aliniandikia wakati ule kwamba amezaliwa. Hakusema zaidi na sikuuliza zaidi. Nilijiambia siulizi kwa heshima. Nilikuwa siulizi kwa woga, kwa kuwa hata angekuwa na kasoro, hakuna mtu duniani angeweza kuniambia kama imetoka kwangu au la, na mimi ningeichukua iwe yangu.

Jumanne iliyopita, siku yangu ya pili bila kazi, nilikunywa chai, nikapanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa, kisha nikampigia. Tuliongea kwanza kuhusu kustaafu. Halafu nikauliza. Nilisema jina la Lidia, nikasema mtoto, nikashindwa kumalizia.

Marta akasema ni mvulana. Ana miaka kumi na mmoja, mrefu, mtundu, anacheza mpira, na darasani ni wa wastani. Nikangoja. Akasema, akifikiri, kwamba anavaa miwani.

Nilishika ukingo wa meza. Marta lazima alisikia kitu, kwa sababu aliniita jina mara mbili, kisha akaanza kuongea polepole zaidi kuliko kawaida yake. Alisema Lidia, mama yake, anavaa miwani pia, na bibi yake, na babu yake aliyekuwa dereva alikuwa haoni hata alama za barabarani.

Nikamwomba arudie, kuanzia miwani ya mama.